Mhandisi Atangulie, Fundi Afuate

  

Shule zimefunga. Na shule zikifunga, msikilizaji wangu, ndipo ngazi zinapoegemezwa ukutani, mchanga unamwagwa uwanjani, na kamati za shule zinahangaika kutafuta fundi atakayekubali bei yao. Ni msimu wa ukarabati. Kwa hiyo jioni hii nataka tuzungumze juu ya majengo ya shule zetu, na hasa juu ya mtu mmoja ambaye tunamwita mara nyingi tukiwa tumeshachelewa. Mtu huyo ni mhandisi.

Nianze na swali. Pale shuleni kwenu, mara ya mwisho ukuta ulipopasuka, nani aliitwa kwanza? Naamini wengi mtajibu: fundi. Fundi akaja, akatazama, akasema, "Hapa mifuko miwili ya saruji inatosha, na rangi ndoo moja." Ufa ukachimbuliwa kidogo, ukapigwa lipu, ukapakwa rangi. Wazazi walipokuja mkutanoni wakaona ukuta unang'aa, wakapiga makofi. Kisha masika ikaingia. Ufa ukarudi palepale, na safari hii umekuja na mwenzake.

Sisemi haya kumdharau fundi. Mwashi mzuri ana mkono ambao hausomewi darasani. Lakini tazama alichoulizwa. Aliulizwa, "Utaziba kwa shilingi ngapi?" Hakuna aliyemuuliza, "Ukuta huu umepasuka kwa nini?" Swali hilo la pili ndilo linalookoa jengo, na ndilo swali ambalo mhandisi amesomea miaka mingi kulijibu. Neno langu la leo ni hilo tu, na nitalirudia lisije likatupotea njiani: mhandisi aje kabla fundi hajashika mwiko, na asiondoke mpaka kazi iishe.

Tumelelewa na methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Naikubali. Ila kwa majengo ya shule naomba tuitangulize hatua moja: kabla ya kuuziba, tuusome.

Ufa unasomwaje? Niliwahi kusimama pembeni nikamtazama mhandisi wa halmashauri akifanya kazi hiyo katika shule moja ya msingi. Darasa lilikuwa na ufa wa mshazari, umetoka kwenye pembe ya dirisha ukashuka kuelekea kona ya jengo. Mimi niliona ufa. Yeye akaona habari nzima. Kwanza aliuingiza ukucha juu, kisha chini, akasema juu ni mpana kuliko chini, maana yake kona hii inazama na kuegemea nje. Akachukua penseli, akaweka alama ndogo pale ufa unapoishia, akaandika na tarehe. Kisha akabandika kipande chembamba cha kioo, upande huu na upande ule, kikiuvuka ufa. Kioo kikivunjika kabla hajarudi, basi ukuta bado unatembea. Kikibaki kizima, ufa ni wa zamani na umetulia.

Halafu akatoka nje. Hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Hakuutazama ukuta, aliitazama ardhi. Paa halikuwa na gata hata upande mmoja. Mvua ya miaka yote ilikuwa inamwagika kutoka kwenye bati moja kwa moja hadi chini ya ukuta, ikachimba kamfereji, na pale kwenye kona udongo ulikuwa umeshaondoka kabisa. Msingi uko nje, unaonekana kwa macho. Watoto walikuwa wanakaa juu yake wakati wa mapumziko.

Sasa niambie, msikilizaji: mifuko miwili ya saruji ndani ya darasa ingesaidia nini? Kuziba ufa ule bila kugusa yale maji ni sawa na kudeki sakafu huku bomba limeachwa linatiririka. Mhandisi alichoagiza hakikuwa cha ajabu. Gata na bomba la kushushia maji. Mfereji wa kuyapeleka mbali na jengo. Udongo urudishwe kwenye kona na ushindiliwe kwa tabaka, na juu yake lipite jamvi jembamba la zege kuzunguka jengo, lenye mteremko wa kutupa maji nje. Ufa wenyewe? Akasema uachwe kwanza, tuone kioo kinasemaje msimu ujao. Rangi ndiyo iwe ya mwisho kabisa. Mwalimu mkuu alishangaa, kwa sababu kamati ilikuwa imeanza na rangi.

Na si kila ufa unasema jambo lilelile. Ndiyo maana nasisitiza mtaalamu aje. Ukiona ufa umelala, umepita juu ya madirisha karibu na paa, huenda tatizo liko kwenye kenchi: seremala aliacha boriti ya chini ya kufungia, au imeliwa na mchwa, na sasa paa linazisukuma kuta nje. Ukiona nyufa zinafunguka kiangazi na kujifunga masika, mwaka baada ya mwaka, hapo tuhuma inakwenda kwenye udongo. Wasikilizaji wetu wa Shinyanga, Simiyu na Mwanza wanaujua ule udongo mweusi wa mbuga. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka hadi mguu unaingia. Jengo lililosimama juu ya udongo ule kwa msingi wa kawaida litainuliwa na kushushwa kila mwaka, na hakuna lipu inayoweza kushindana nao. Panatakiwa msingi uliobuniwa kwa ajili ya udongo huo, au udongo uchimbwe utolewe na kuwekwa mwingine. Mtu wa kuamua hayo ni yule aliyeupima.

Tuko pamoja? Na si udongo tu unaopasua kuta. Twende Bukoba, mkoani Kagera.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, ardhi ya Kagera ilitikisika. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 5.9. Watu 17 walifariki, maelfu ya nyumba yakaanguka au kupasuka. Na miongoni mwa majengo yaliyoumia sana zilikuwa shule mbili ambazo watu wa Kagera wanazitaja kwa fahari, Ihungo na Nyakato. Zikafungwa kwa muda. Ihungo ilibidi ijengwe upya, kwa msaada wa serikali ya Uingereza.

Nataka tulitafakari tetemeko lile kwa sababu kimataifa halikuwa kubwa. Yako mataifa ambako tetemeko la 5.9 linawatikisa watu, wanatoka nje, kisha wanarudi kazini. Kwetu lilibomoa kuta. Kwa nini? Ukuta wa mawe au wa tofali ni hodari sana wa kubeba mzigo unaoshuka chini. Paa likae juu yake miaka mia, utavumilia. Lakini tetemeko halishuki, linasukuma kwa ubavu, kwenda na kurudi. Kuta nne ambazo hazikufungwa pamoja, kila mmoja unacheza kivyake, kona zinaachana, na paa linabaki halina pa kukaa. Kinachozifunga ni ule mkanda wa zege wenye nondo unaopita juu ya kuta zote bila kukatika. Mafundi wengi tulio nao leo wanaujua mkanda. Majengo mengi ya zamani hayana, na hata mapya, utakuta mkanda umekatwa katikati ili kuokoa nondo chache, au nondo zimekutana kwenye kona bila kupishana. Mkanda uliokatika haufungi kitu.

Kagera iko jirani na tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Dodoma nayo inatikisika mara kwa mara. Hatuwezi kuzuia ardhi. Tunachoweza ni kumpeleka mhandisi katika shule zetu kongwe akague ukuta kwa ukuta, aseme jengo hili liongezwe mkanda, hili paa lake lifungwe kwenye kuta kwa vyuma, na hili, samahani, livunjwe. Kusikia "livunjwe" kunauma. Kuna majengo tumeyapenda. Lakini ni afadhali neno hilo litoke kwenye mdomo wa mtaalamu wakati wa likizo.

Nikitaja shule kongwe, lazima niseme kwamba serikali yetu imefanya kazi kubwa ya kuzikarabati tangu miaka ile ya 2016 na 2017: Tabora Boys, Pugu, Mzumbe, Ilboru na nyinginezo. Waliosoma huko zamani wakirudi leo wanayaona mabadiliko. Na ukarabati wa jengo kongwe ndio unaomhitaji mhandisi kuliko hata ujenzi mpya, maana jengo kongwe linaficha mambo. Nitoe mfano mmoja. Mapaa mengi ya zamani ni ya asbesto. Ukimwachia kijana apande na nyundo, ayavunje na kuyatupa chini, lile vumbi linaingia kwenye mapafu yake na ya kila aliye karibu, na madhara yake yanaweza kuja kuonekana baada ya miaka mingi sana. Asbesto inaloweshwa maji, inafunguliwa nzima nzima bila kukatwa, inafungwa vizuri na kwenda kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Nani atamwambia hayo yule kijana kama hakuna msimamizi?

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Kwa nini mhandisi anachelewa?

Shule nyingi za umma sasa zinajengwa na kukarabatiwa kwa utaratibu tunaouita fosi akaunti. Fedha zinakuja kwenye akaunti ya shule, kamati inanunua vifaa, fundi wa hapo hapo anapewa kazi. Mimi nauunga mkono utaratibu huu. Fedha inabaki kijijini, kijana wa pale anapata ajira, na wananchi wanaona saruji yao inakwenda wapi. Mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, taifa lilijenga madarasa 15,000 kwa mpigo, kila moja likipangiwa shilingi milioni 20. Watoto waliokuwa wanasubiri nafasi ya kidato cha kwanza wakapata pa kukaa.

Lakini utaratibu huu umesimama juu ya sharti moja: kwamba mhandisi wa halmashauri atasimamia. Na mhandisi yule yule ana zahanati, ana kituo cha afya, ana nyumba za walimu, ana maboma ya nguvu za wananchi yanayosubiri kuezekwa, na mara nyingi gari ni moja. Jiulize, kwa wiki moja anaweza kusimama kwenye mashimo mangapi ya msingi? Matokeo yake anakuja mwisho, jengo limeshapakwa rangi, anaombwa saini ili fundi alipwe.

Hapo pana hatari, wasikilizaji, na nitaeleza kwa nini. Kazi ya ujenzi inajificha yenyewe. Msingi unafukiwa na udongo. Nondo zinafunikwa na zege. Kenchi zinafichwa na dari. Anayekuja mwisho anaona rangi. Je, nondo ni za milimita 12 kama mchoro ulivyosema, au ni za 10? Zimeachiwa zege la kuzifunika, au zimelala juu ya mbao na kesho zitashika kutu? Hawezi kuona. Kwa hiyo anayetia saini mwisho bila kuja mwanzo anatia saini kitu asichokijua.

Mafundi wana msemo tunaoupenda wote: zege halilali. Kweli, likishachanganywa limwagwe mara moja. Lakini kuna mambo mawili msemo huo hauyasemi, na yanavunja majengo. La kwanza ni maji wakati wa kuchanganya. Zege jepesi linateleza vizuri, saidia fundi hachoki, kwa hiyo ndoo ya maji inaongezwa, na nyingine. Kila ndoo iliyozidi inapunguza nguvu ya zege. La pili ni maji baada ya kumwaga. Zege likishaganda linatakiwa kumwagiliwa kwa siku 7 angalau, asubuhi na jioni, kwa sababu bado linajijenga ndani, na nguvu yake tunaipima siku ya 28. Nenda kwenye shule yenye shida ya maji uone kama lilimwagiliwa. Tunalinyima zege maji baada ya kulimwaga, ilhali tumeliongezea mengi kabla. Ni kinyume kabisa.

Ndiyo maana nasema tena: aje kabla, na asiondoke. Si lazima alale pale. Lakini kuna siku ambazo kazi isiendelee bila yeye kufika: siku shimo la msingi limeisha kuchimbwa na halijamwagwa kitu, siku nondo za mkanda zimefungwa na zege halijachanganywa, na siku kenchi zimesimama na bati halijapanda. Siku tatu hizo. Kamati ikimwambia fundi tangu mwanzo kwamba kwenye hatua hizi atasubiri, na malipo yake yakafungwa kwenye hatua hizo hizo, atasubiri.

Mpaka hapa tumezungumzia kukarabati. Na kuboresha je? Mara nyingi tukisikia kuboresha shule tunawaza vigae na geti. Mhandisi anawaza watoto watatokaje.

Tarehe 3 Februari 2020, katika Shule ya Msingi Kakamega nchini Kenya, watoto walikuwa wanatoka darasani jioni, wakashuka ngazi kwa msongamano. Watoto 14 walikufa katika msongamano ule. Jengo halikuanguka. Moto haukuwaka. Septemba 2024, moto uliwaka usiku katika bweni la Hillside Endarasha, Nyeri, wavulana 21 wakateketea. Na hapa kwetu hatujasahau moto wa bweni la Shauritanga wa mwaka 1994, ulioua wasichana 42. Wazazi wao wapo, wengine labda wananisikiliza sasa hivi. Poleni. Mungu aendelee kuwapa nguvu.

Kenya wana mwongozo wa usalama wa shule tangu mwaka 2008, unaotaka mlango wa bweni uwe na upana wa futi tano angalau, ufunguke kwenda nje, na madirisha yasiwe na nondo za kuzuia kutoka. Maneno ni mazuri. Lakini mlango haupanuliwi na mwongozo. Unapanuliwa na mtu aliyekuja na futi kamba, akahesabu vitanda, akajua ukuta ule ukikatwa juu yake panatakiwa lenta ya ukubwa gani ili usije ukashuka. Kamati ikikata ukuta yenyewe kwa nia njema ya kuongeza mlango, inaweza kuangusha ilichotaka kukiokoa.

Tena kuna radi. Januari 2025, wanafunzi saba wa Sekondari ya Businda, wilayani Bukombe, waliuawa na radi. Kule Uganda, Juni 2011, radi ilipiga Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo, ikaua watoto 18. Ukanda huu wetu wa kuzunguka Ziwa Viktoria una radi nyingi sana. Kinga ipo, na si uchawi: chuma juu ya paa, waya mnene usiokatika, na fimbo zilizozikwa ardhini. Lakini chuma cha juu ambacho waya wake haukufika ardhini, au umefika kwenye ardhi kavu isiyopokea umeme, au umekatwa na mwizi wa shaba, hakimlindi mtoto. Ni lazima mhandisi wa umeme aje na kipimo chake, na arudi mwaka unaofuata kupima tena. Shule ngapi zimefunga vinasa radi ambavyo havijapimwa tangu siku vilipofungwa?

Nakusikia ukiniuliza: haya yote ni sawa, lakini mhandisi tutampata wapi, na tutamlipa nini?

Kwanza, yule wa halmashauri ni wenu. Mwalimu mkuu aandike barua mapema, kabla fedha hazijaingia, na diwani aifuatilie. Kuna tofauti kubwa kati ya kumwomba aje kusaini na kumwomba aje kukagua. Pili, nchi hii ina Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na sheria yake ya mwaka 1997 hairuhusu mtu kujiita mhandisi wa kutoa huduma bila kusajiliwa. Akija mtu mwenye kofia ngumu na ramani mkononi, muulizeni namba yake ya usajili. Hatakasirika kama anayo. Tatu, wapo vijana wahitimu wa uhandisi, wengi wako mitaani, wanaotafuta miaka mitatu ya kazi chini ya msimamizi ili wasajiliwe. Bodi ina mpango wa kuwalea. Ningependa sana kuona halmashauri zikiwachukua vijana hawa, kila mmoja akabidhiwa shule za tarafa moja, mhandisi mwandamizi akiwa juu yao. Kijana apate uzoefu, shule ipate jicho.

Na nyinyi wahandisi mliosoma kwenye shule hizi, jioni hii nawasemesha moja kwa moja. Mkikutana na wenzenu mliomaliza pamoja mnachanga, mnanunua madawati na kompyuta. Ni vizuri. Safari ijayo pelekeni siku moja ya utaalamu wenu. Pandeni darini na bisibisi mkachome kenchi mahali panapopokea bati, mtajua mchwa amefika wapi.

Kuhusu gharama, kamati nyingi zinadhani mhandisi anaongeza gharama. Anaongeza, ndiyo, kidogo. Lakini ndiye pekee anayeweza kukwambia cha kuacha. Atasema rangi isubiri, vigae visubiri, kenchi haisubiri. Shule yenye milioni tatu tu mkononi ndiyo inayomhitaji zaidi, kwa sababu haina ya kupoteza.

Kabla sijawaaga, kuna kitu mnaweza kuanza nacho Jumatatu. Nunueni daftari gumu moja, liwekwe ofisini kwa mwalimu mkuu, lisitoke. Kila mhandisi akifika aandike humo alichokiona na alichoagiza, atie tarehe na saini, na fundi mkuu asaini chini yake kwamba amesoma. Mwenyekiti wa kamati akipita, alifungue. Mkiona kurasa tupu na kuta zimeshafika usawa wa madirisha, simamisheni kazi na mpigeni simu mhandisi siku hiyo hiyo.